Samansi ya Bi Tausi

Harufu ya mafuta mazito yaliyomwagwa juu ya maji yaliyotuama hunirudisha Mtoni mara moja, hata nikiipata tu nikipita mbele ya gereji ya mtu. Mafuta hayo ya kuulia mbu baba aliyabeba kwenye debe dogo alilolifunga nyuma ya baiskeli ya serikali, na kila ilipofika masika yalikuwa yamekwisha kuingia katika nguo zake, katika viganja vyake, na hata katika chai aliyotukorogea asubuhi. Baba alikuwa Bwana Afya. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na sisi, watu wa Masasi tuliokuja Dar es Salaam kwa ajili ya kazi yake, tulikaa chumba kimoja na ukumbi kule Temeke. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kutoka Temeke hadi Mtoni kando ya barabara ya Kilwa, akitafuta viluwiluwi vya mbu. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, soksi ndefu, na kofia yenye beji ya shaba. Alichota maji ya mtungini kwa upawa wa mpini mrefu, akayamimina katika bakuli jeupe, akainama kuyatazama kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Vijidudu vikionekana vinajipinda mle ndani, aliandika samansi, na mtu alikwenda kujibu kortini.

Masika ya mwaka niliotimiza miaka kumi, mama alisafiri kwenda Masasi kumuuguza bibi, shule zikafungwa, na baba hakuwa na mtu wa kuniachia. Akanichukua kazini. Hazikupita siku mbili akagundua kwamba nilikuwa msaada kwake. Nyumba nyingi za Mtoni zilikuwa za Waislamu wa pwani, na mitungi ilikaa uani, ambako ndiko wanawake walikoshinda. Mwanamume mgeni hakuweza kujiingilia tu. Basi nikawa natangulia mimi. Napiga hodi, naamkia, nasema, "Bwana Afya yuko nje." Wanawake wanajitanda kanga, wanasogea pembeni, kisha baba anaingia macho yakiwa chini. Kwa hiyo kila ua niliuona mimi kabla yake. Niliona nazi zikikunwa, mpunga ukipepetwa, watoto wakiogeshwa kwenye karai, moshi wa kuni mbichi ukitambaa chini ya makuti. Niliona pia jicho lililovimba likafumba, mkono uliofungwa kitambaa, mwanamke aliyekalia upande mmoja tu wa kigoda. Baba alipofika, kanga zilikuwa zimekwisha kufunika yote. Yeye alikagua mitungi, na mimi, bila kutumwa na mtu, nikawa nakagua wanawake.

Bi Tausi alikuwa mke wa Fundi Omari, mshonaji mwenye cherehani barazani. Sikujua mtu aliyependwa Mtoni kuliko huyo fundi. Wazee wakipita alisimamisha cherehani akawaamkia kwa heshima zote, na sisi watoto wa kike alitugawia vipande vya vitambaa vya kushonea wanasesere. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole. Mkewe alitoka Kisarawe, msichana mrefu ambaye nadhani hakuwa ametimiza miaka ishirini na miwili, na akicheka aliziba mdomo kwa kiganja. Hawakuwa na mtoto, na majirani walilitaja hilo kila walipotaka kumtetea mumewe.

Siku ya kwanza niliyomwona ameumizwa, nilipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa. Fundi akaniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona, "Ingia tu mwanangu, yumo." Nilimkuta uani akipepea moto kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umepasuka.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba." Akanitazama. "Baba yako ni serikali?"

Nikasema ndiyo, kwa majivuno, maana ndivyo nilivyoamini.

"Basi mwambie serikali ikishamaliza kutazama mitungi, initazame na mie."

Nilimweleza baba tulipofika njiani. Alisimamisha baiskeli, akaikaza kamba ya debe. "Mimi ni serikali ya mbu, Lena," alisema. "Ya watu ni wengine." Hata hivyo hakutulia. Alasiri ileile alikwenda kwa jumbe wa mtaa, nami nikakaa kwenye ngazi nikisikiliza. Jumbe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umekuta viluwiluwi katika nyumba hiyo?" Baba akajibu kwamba hakukuta. "Basi nyumba ni safi, Bwana Afya. Mambo ya mke na mume yana wazee wake." Wazee walikwenda kweli, Ijumaa baada ya swala. Walikaa barazani kwa fundi, wakanywa kahawa, wakamwambia apunguze mkono, na mkewe wakamwambia apunguze maneno. Wakaondoka wameridhika. Wiki iliyofuata Bi Tausi alitembea akishika ukuta.

Baba akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya. Alimwambia Bi Tausi, kupitia kwangu, kwamba atatusubiri kituo cha polisi Jumatatu asubuhi. Nilimshika Bi Tausi mkono njia nzima, na nakumbuka jasho la kiganja chake. Askari aliyekuwa mezani alimwuliza jina, kisha jina la mume, kisha akauliza, "Mumeo anajua kwamba uko hapa?" Akasema hajui. "Basi umekwisha kuwa na kosa lako mwenyewe," askari akasema, wala hakulisema kwa ukali. Alimwambia baba kwamba kesi ya namna hiyo huanzia kwa jumbe. Baba akamwambia ndiko tulikotoka. Askari akainua mabega, akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Habari zikamfikia Mzungu wa afya, mkubwa wa baba, kwa maana waume wa Mtoni walikuwa wamelalamika kwamba Bwana Afya siku hizi anatazama wake za watu badala ya mitungi. Baba aliitwa ofisini. Hakugombezwa. Aliambiwa tu kwamba ameajiriwa kwa ajili ya mbu, na kama ana hamu ya kazi nyingine aseme, wapo wengi wanaoisubiri yake. Tangu siku hiyo alipoingia uani alitazama upawa wake, akatazama bakuli lake, akatoka.

Kisha tukafika tena kwa Fundi Omari, mvua ikiwa imenyesha siku tano mfululizo. Niliingia uani nikasimama. Ua wa Bi Tausi ndio uliokuwa safi kuliko zote, lakini siku hiyo ulijaa makopo, vifuu vya nazi, sufuria kuukuu, hata mtungi uliovunjika shingo, vyote vimepangwa chini ya michirizi ya paa, vyote vina maji. Niliinama nikatazama. Maji yalikuwa hai.

Bi Tausi alichuchumaa mbele yangu. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alinong'ona kwa haraka, sikio lake likiwa kwenye cherehani iliyokuwa ikilia barazani. "Mwambie baba aniandikie. Jirani yangu huyu mjane aliandikiwa mwezi uliopita. Alisimama mbele ya hakimu Mzungu akaulizwa, una neno la kusema? Mie ninalo. Nikiulizwa hivyo, nitasema yote, na nitamwonyesha mgongo."

Alikuwa amezitafuta njia zote za kuifikia serikali, akaona kwamba inakuja upesi kwa kitu kimoja tu. Akaamua kukifuga.

Baba aliingia, akachota, akatazama bakuli. Alielewa. "Dada, sitaki kukuandikia," alisema.

"Niandikie, Bwana Afya."

Alisimama pale na kalamu mkononi. Mimi ndiye niliyemvuta mkono wa shati. "Mwandikie, baba," nikasema. Nimeyabeba maneno hayo mawili maisha yangu yote. Baba akaandika. Aliandika jina lake kamili, Tausi binti Salumu, na yeye alipoliona limeandikwa, ingawa hakujua kusoma, alicheka, na safari hii hakuziba mdomo.

Kumbe sheria haikumjua. Yule mjane aliitwa kortini kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Karani aliyepokea karatasi za baba alilikata jina la Bi Tausi kwa mstari mmoja, akaandika la mwenye nyumba. Baba hakuambiwa. Alijua alipofika kortini kutoa ushahidi, akamwona Fundi Omari ameketi peke yake, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Mengine niliyasikia miaka mingi baadaye, baba akimsimulia mama wakidhani nimelala chumba cha pili. Fundi alikiri kosa. Alisema kwa sauti yake ileile ya chini kwamba mkewe ni mvivu, na kwamba amemwaibisha. Baba aliinua mkono akaomba kusema neno juu ya nyumba ile. Mkalimani akamjibu kwamba ameitwa kueleza habari za maji. Akaulizwa makopo yalikuwa mangapi. Akataja idadi. Fundi akatozwa faini, na hakimu akamwambia aende akaiweke nyumba yake sawa.

Ilikuwa bado asubuhi. Fundi alirudi Mtoni, lakini baba hakuweza kuondoka, kwa kuwa kesi nyingine za mbu zilikuwa zinasubiri ushahidi wake. Alipoachiliwa alipanda baiskeli akaenda Mtoni bila kupita nyumbani, akakuta Bi Tausi amekwisha kubebwa juu ya kitanda kupelekwa hospitali. Majirani walikuwa wamesikia kila kitu. Mmoja wao, mama mwema aliyenipa maandazi mara nyingi, aliniambia mimi mwenyewe, bila kujua anaungama, kwamba walikuwa wakitwanga, wakaacha kidogo kusikiliza, kisha wakaendelea kutwanga kwa nguvu zaidi. Bi Tausi hakurudi. Alifariki siku ya pili yake, bila kupata fahamu, na hakuna aliyemwuliza kama ana neno la kusema.

Askari mmoja alikuja kuandika maelezo. Fundi Omari alilia, na naamini machozi yake yalikuwa ya kweli. Alisema mkewe aliteleza uani, kwenye maji aliyoyaacha mwenyewe, akaanguka juu ya kinu. Wazee walewale walishuhudia kwamba fundi ni mtu wa watu. Na kuhusu maji, askari hakuhitaji shahidi mwingine, kwa kuwa serikali ilikuwa na karatasi yake yenyewe, yenye saini ya baba yangu, inayosema kwamba ua ule ulikuwa umejaa maji. Jalada likafungwa. Kabla ya masika mengine fundi alioa tena, msichana kutoka Kisarawe vilevile.

Mama aliporudi kutoka Masasi sikwenda tena kazini na baba. Aliendelea kupita nyumba kwa nyumba mpaka alipostaafu, na sikumsikia akilitaja jina la Bi Tausi zaidi ya mara ile aliyomsimulia mama. Mimi nilizidi kukua na swali ambalo sijapata wa kumwuliza: ilikuwaje tukashindwa kumwokoa? Ile haikuwa serikali dhaifu. Iliweza kuingia katika kila ua wa Mtoni, kila wiki, kwa ajili ya mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, na hakuna mume aliyethubutu kuizuia mlangoni. Ilikuwa na karatasi, na askari, na korti. Na sisi tuliokuwa karibu, jumbe na wazee na mama wa maandazi na baba yangu na mimi, tulikuwa na masikio. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake kidogo cha kazi, akakifanya, akakabidhi mbele.

Uhuru ulikuja, na bendera nikaiona ikipanda. Sasa nina zaidi ya miaka themanini, nakaa Sinza kwa binti yangu, na nimeishi kuona sheria zikiandikwa, mabango yakibandikwa, na kituoni kukawekwa dawati la wanawake kama Bi Tausi. Mwaka jana mpangaji wetu wa chumba cha uani, binti mwenye watoto wawili, alikuja kwangu mchana uso umemvimba. "Bibi, mie nimechoka," akasema. Nikachukua fimbo yangu, nikampeleka. Sitaki kusema uongo, tulipokewa vizuri. Askari wa kike alitupa viti, akaniamkia, akaandika kurasa tatu, hakumwuliza kama mumewe anajua yuko wapi. Kisha akaweka kalamu chini, akauliza kwa huruma kama tuifungue kesi leo, ama familia zikae kwanza, kwa sababu mume akiwekwa ndani watoto watakula nini. Binti akapiga simu kwao. Baba yake akamwambia avumilie. Akapiga kwa kaka yake, simu ikaita mpaka ikakatika. Hakukuwa na nyumba ya kumpeleka, wala aliyekuwa na habari ya nyumba kama hiyo. Kwetu palikuwa mlango wa pili tu kutoka kwa mumewe, na watoto alikuwa nao yeye mume.

Akanigeukia. "Bibi, unasemaje?"

Miaka yote hii nilidhani ninajua ningesema nini siku nikiulizwa. Nilimtazama yule askari, naye akanitazama mimi, sote watatu tukingoja mtu mwingine ajibu. Tulitoka bila kufungua kesi, tukatembea polepole kwa sababu ya miguu yangu. Tulipofika kwa mumewe, alisita kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akagonga. Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka mlangoni.