Delestaji ya Chungu

Watu wa mji wetu wa Likasi wanajua yote. Wakikuambia "maladi ya sukari njo ya bakubwa, bale benye kunenepa, bale benye kula nyama ya mbuzi na pombe juu," usibishane nao, utachoka. Minye nilishachoka. Yaya yangu Mwadi, dada yetu mkubwa, alipatikana na maladi hiyo, ugonjwa wa sukari, na mkono wake ungeuzungushia vidole viwili na nafasi ingebaki. Mafuta aliyoyajua ni ya kukaangia vitumbula, vile alivyokuwa akiuza mtaani Shituru karibu na reli. Nyama ya mbuzi? Labda kwenye harusi ya watu.

Minye ni Orpha. Tulizaliwa Panda, kambini mwa kampuni ya madini, watoto wanne, Mwadi wa kwanza na minye wa mwisho. Wakubwa wanasimulia kwamba zamani kampuni ilikuwa inatoa posho: bunga, mafuta, samaki wakavu, hata maziwa ya watoto. Hiyo posho minye niliisikia tu. Nilipopata akili, kampuni ilikuwa imelala, baba anakaa mlangoni na kofia yake ya kazi kichwani, na chungu cha mama kilikuwa na delestaji.

Delestaji unaijua, ni ile ya umeme. Leo mwanga uko kwetu, giza kwa jirani, kesho tunabadilishana. Mama aliitoa kwenye waya akaiweka kwenye chungu. Lundi, mercredi na vendredi, yaani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wanakula watoto wakubwa wawili. Mardi, jeudi na samedi tunakula wadogo wawili. Dimanche, tukitoka kanisani, tunakula wote. Usicheke. Kambi nzima ilikuwa vile. Ukimkuta mwenzako anasinzia shuleni ukamuuliza ana nini, anakujibu, "Leo niko mu giza," mnacheka, mnaendelea na masomo. Na hicho chakula chenyewe kilikuwa bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta, wala samaki hata wa kunusa.

Sasa tazama Mwadi. Siku yake ikifika, anakata tonge, anageuza macho, ananiona pembeni ninanyonya kidole. Anasogeza sahani.

"Kula, Orpha. Leo ni siku yako."

Haikuwa siku yangu, naye alijua vizuri. Alikuwa anakunywa maji yenye chumvi kidogo, anafunga kitenge tumboni kwa nguvu, anaenda kulala. Ndiyo maana minye nina mapaja na yeye hana.

Mwaka juzi kiu ikamshika. Ndoo ya maji haikumtosha, kutwa anakwenda chooni, nguo zikawa zinamwanguka. Majirani wakasema ni buloji, amerogwa na wauza vitumbula wenzake. Wengine wakanong'ona kuhusu ile maladi isiyotajwa. Pasta akamwagiza afunge kula kwa ajili ya maombi. Afunge! Mwadi! Mtu aliyefunga tangu utotoni! Nilimwambia yule pasta neno ambalo sitalirudia hapa, halafu nikamshika yaya mkono tukaenda hospitali.

Tulipokelewa na munganga Gaëlle, dada mpole wa miwani. Alipotuambia ni sukari, Mwadi akacheka.

"Minye, munganga? Sukari ya wapi? Niangalie vizuri."

Munganga hakumuuliza anakula nini siku hizi. Alimuuliza alikula nini alipokuwa mtoto. Mwadi akamsimulia delestaji ya mama kama kichekesho, na mikono juu, mpaka minye nikacheka pia. Munganga hakucheka.

"Nyumba ukiijenga na saruji haba haianguki siku ile," akasema. "Inangoja. Kuna kiungo nyuma ya tumbo chenye kupanga sukari mwilini. Mtoto akikosa chakula katika miaka ya kukua, kiungo hicho kinaweza kubaki dhaifu, na akifika ukubwani kinashindwa kazi. Siwezi kuapa kwamba njo vile kwako, mama. Lakini wembamba kama weye, wa umri wako, ninawaona."

"Na ile ya utoto, inatengenezeka?" Mwadi akauliza.

"Apana, mama. Ile ilishapita."

Nilikasirika mpaka masikio yakalia. Lakini nimkasirikie nani? Mama yuko kaburini. Alikuwa na chungu kimoja na vinywa vinne, angefanya nini?

Dawa yake ni sindano, ya kujichoma maisha yote. Munganga, ili aeleweke, akachukua neno letu lile lile. "Mama Mwadi, sikia. Dawa hii haina delestaji. Kila siku. Unachoma, unakula." Mwadi akaitika, "Ndiyo, munganga, haina delestaji." Alilipenda lile neno. Njiani alilirudia mara kwa mara, anajichekea.

Munganga alinivuta minye pembeni akanieleza: akichoma bila kula, sukari itashuka mwilini mpaka aanguke, na anaweza kufa. Nilimrudishia Mwadi maneno yote, akaitikia kwa kichwa. Tangu siku ile kazi yangu ikawa moja, kuona yaya anakula. Kila asubuhi ninatoka Panda ninapita Shituru. Nikimsimamia, anakula. Nikigeuka, sahani iko kwa binti yake, Jaël. Baba wa mtoto, Doudou, alienda Kakanda kuchimba madini akapata mwanamke huko, kwa hiyo kujaza chungu ilikuwa kazi ya Mwadi peke yake.

"Yaya, kula!"

"Shi nilikula jana?"

"Jana! Tumbo linakula jana?"

"Weye Orpha uko na kinywa," ananijibu, anacheka.

Halafu bunga ikapanda bei, na minye malaria ikaniangusha kitandani. Asubuhi niliyopata nguvu nilikwenda moja kwa moja Shituru. Nilimkuta ameketi mbele ya babula yake, jiko la mkaa, mafuta yanatoa moshi, vitumbula vimekuwa vyeusi. Jasho lilikuwa limemlowesha mwili mzima. Macho wazi.

"Yaya? Yaya Mwadi!"

Hakunijua. Nilimpaka sukari mdomoni, nikapiga kelele, watu wakambeba kumpeleka hospitali. Jaël alikuwa analia nyuma yetu.

"Alichoma sindano?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama mudogo. Anachomaka kila siku."

"Na kula?"

"Alikula jana. Leo haikuwa siku yake."

Umesikia? Tangu bunga ipande, alikuwa amerudisha delestaji kwenye chungu. Jaël anakula kila siku, yeye siku moja kwa nyingine. Sindano hakuikosa hata mara moja, shi munganga alisema dawa haina delestaji? Dawa. Na lile neno "unakula" alilisikia kama tunavyolisikia sisi watoto wa Panda: unakula, siku yako ikifika. Mungu wangu, ningeweza kulipasua lile neno kwa shoka.

Aliamka, lakini aliyeamka si yule. Munganga Gaëlle alisema ubongo ulikaa muda mrefu bila sukari. Nilimuuliza kama atarudi. "Tutaona," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuona.

Sasa yuko kwangu, Panda, hatua chache na nyumba tuliyozaliwa. Jaël akimwita mama, anamtazama kama mtoto wa wageni. Vitumbula havikumbuki. Minye ananijua. Kila siku vita ni ile ile: asipokula hatuwezi kumchoma, na tusipomchoma sukari itapanda, itammaliza.

Leo asubuhi nimempikia bukari na lengalenga, mchicha wetu, ya karanga. Nimekata tonge, nimelipeleka mdomoni mwake. Amelitazama, akanitazama, akausukuma mkono wangu polepole.

"Kula, Orpha. Leo ni siku yako."

"Yaya, minye nilishakula. Leo ni dimanche, tunakula bote."

"Apana. Yangu ni kesho."

Jana pia aliniambia kesho.