Kikohozi cha Wifi Annastella

Wifi yangu Annastella alikuwa mtu wa maneno. Kule Rubya, ukimtuma chumvi dukani alirudi jioni, kwa sababu kila kibanja cha migomba alichopita kilikuwa na mtu wa kusalimiwa, na salamu zake hazikuwa za mlangoni. Aliuliza mgonjwa ameamkaje, ng'ombe amezaa nini, binti ameposwa na nani. Kaka yangu Dastan, mumewe, ni mkimya. Tulizoea kusema Mungu alimpa Annastella maneno ya watu wawili ili nyumba isipoe.

Mwaka jana, wakati wa masika, malaria kali ilimwangusha ikaenda mpaka kwenye figo. Akaletwa hospitali mjini Bukoba. Mimi nakaa Bilele, hapo hapo mjini, hivyo uji na chakula vilikuwa juu yangu. Wakamwekea mrija shingoni, kwenye mshipa mkubwa, wakawa wanamsafisha damu kwa mashine. Majuma yakapita. Mkojo ukarudi, uvimbe wa uso ukapungua, naye akaanza tena kuongea. Alijua majina ya watoto wa kila mgonjwa wodini.

Ndipo daktari akasema figo zimeamka, mrija utolewe, kesho aende nyumbani. Dastan akaja kutoka Rubya na kitenge kipya mkononi.

Muuguzi Salma akamlaza wifi chali, akateremsha upande wa kichwa wa kitanda. "Mama, nikikuambia sasa, bana pumzi. Usipumue mpaka nikuruhusu."

"Usinichekeshe tu," Annastella akamjibu.

Mrija ukatoka bila shida. Papo hapo wifi akakohoa. Alikuwa na kikohozi tangu juzi yake, kikohozi cha wodini tu. Akakohoa, kisha akavuta hewa kwa nguvu kama avutavyo yeyote aliyekohoa. Salma alikuwa ameshabana kidonda, wala hakuondoa mkono. Hilo nililiona kwa macho yangu, na nimelisema kila nilipoulizwa.

"Benigna," wifi akaniita, "mbona hapa..."

Sentensi haikuisha. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukateleza ukaning'inia nje ya kitanda.

Salma akapiga kelele ya kuita wenzake. Wakamlaza kwa ubavu wa kushoto, wakamvisha barakoa ya oksijeni. Dastan alisogea mpaka alipozuiwa, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Joackim," akasema. "Mama Joackim, waitu, nakusihi, niitikie." Macho ya wifi yalikuwa yanamtazama. Alimwona vizuri kabisa. Sauti ndiyo haikutoka.

Baada ya kupigwa picha ya kichwa, Daktari Kagaruki akatuketisha kwenye benchi la ukumbini.

"Mzee, hewa imeingia kupitia pale mrija ulipokuwa. Mara nyingi huishia mapafuni, mgonjwa hata hajui. Lakini kuna watu wamezaliwa na kitundu kidogo ndani ya moyo. Kwao hewa huweza kuvuka ikapanda kichwani. Mapovu yake yameziba njia ya damu kwenye ubongo."

"Hewa hii tunayovuta?" kaka akauliza.

"Hii hii."

"Basi itoeni."

"Haitoleki kwa mkono. Tunampa oksijeni nyingi ili mapovu yanywee. Kuna chumba maalumu cha kumwingiza mgonjwa, ambacho hewa yake hugandamizwa ili mapovu yasinyae haraka. Hapa hatuna."

Dastan akasimama. "Kiko wapi? Tumpeleke. Ndege si zinaruka hapo uwanjani?"

"Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na mapovu hutanuka. Tunaweza kummaliza angani."

Kaka akanigeukia, kana kwamba mimi niliyesoma kidogo na kukaa mjini ningekuwa na neno la kuongeza. Nikauliza lile lililokuwa likinichoma: nani amekosea?

"Ningekuwa na wa kukuonyesha, mama, ningekuonyesha," daktari akasema. "Hutokea kwa nadra sana, na huweza kutokea hata kila kitu kikifanywa sawasawa."

Nilikwenda kumtafuta Salma nikiwa na hasira. Nilimkuta nyuma ya wodi kwenye bomba, maji yanamwagika tu, analia. Nikafunga bomba, nikasimama naye.

Annastella hakufa. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa kuukokota. Mkono haukurudi. Maneno yamebaki machache: ndiyo, hapana, maawe, yaani mama wee, na jina la Yesu.

Nilikwenda Rubya mwezi uliopita. Dastan ndiye anayemenya ndizi sasa, anazimenya vibaya. Majirani huja, wanaketi, wanasema wenyewe mpaka wanachoka. Mchana ule tulikuwa watatu uani tukichambua maharage, wifi akaanza kunyoosha mkono wa kushoto kuelekea kibanjani. "Hapana," akasema. "Hapana, hapana."

"Maji?" kaka akauliza. "Mbuzi amefunguka? Unataka kwenda kulala? Joackim?"

Kila jina alilikataa kwa kichwa. Dastan akaenda kibanjani, akazunguka migomba na mibuni, akarudi, akaenda tena. Alichota maji. Alileta kiti, shuka, rozari. Annastella akapiga ungo kwa mkono wake mzima, maharage yakatawanyika, akaanza kulia kwa sauti kubwa.

Kaka akachutama, akaanza kuyaokota. "Nisamehe," alikuwa anasema, "nisamehe, mama Joackim, sijui. Sijui."

Mpaka naondoka hatukujua alitaka kutuambia nini.