Gari Lisilo na Paa, Mwezi wa Saba

Nilinunua gari la starehe nikiwa tayari natembelea mkongojo, na mkongojo wenyewe ulikosa pa kukaa ndani yake. Milango miwili, rangi nyekundu, na juu turubai tu, la kufunguka kwa kubonyeza kitufe. Huku kwetu, mwezi wa saba nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu na maji ya kuku yanakuwa kioo. Walisema bibi amerukwa na akili. Waliosema hivyo hawakuwahi kumuuguza mtu miaka miwili.

Mume wangu aliendesha lori la majani ya chai kwenye barabara ya Lupembe mpaka nywele zikamwisha. Kioo cha mlango wake hakikupandishwa hata Julai. Kiwiko nje, kofia ya sufu kichwani, anapita anapiga honi na watoto wanakimbia. Alisema akifunga kioo hasikii injini inalia nini. Kisha kiharusi kikampiga shambani, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na mdomo. Ulimi anao, mzima, ila hauna kazi. Mkono wa kushoto ndio uliobaki kusema. Akitaka kitu anagonga ubao wa kitanda, mimi naanza kukisia: maji? kojo? shuka? Nikipatia anaacha kugonga.

Hospitali walituambia tumkinge na baridi. Tukaziba dirisha kwa nailoni, tukafunga mlango, tukamweka humo kama mbegu za viazi. Akawa anakaa anautazama ule ukuta. Kila mwezi naona amekwenda mbali kidogo, na miye sina kamba ya kumvutia.

Siku moja tulikuwa Njombe mjini, tumetoka kliniki, tumekaa naye nje kwenye kiti cha magurudumu tukingoja usafiri. Harusi ikapita na tarumbeta, na maharusi wakiwa katika gari lisilo na paa, wamesimama wanapunga mikono. Mzee akatoa sauti. "Aaa." Ndefu, ya kooni. Tangu augue hakuwa ametoa sauti isiyo ya maumivu. Nikamshika shavu nikamwuliza, "Unalitaka lile?" Hakujibu kitu, lakini mimi nilishajijibu.

Nilikuwa na shamba la mipaini niliyoipanda kwa mikono yangu, bado haijakomaa. Nikaiuza ikiwa imesimama. Wanangu walipopata habari walinipigia simu mmoja baada ya mwingine. Binti yangu wa Mbeya alisema, "Mama, si ungemnunulia baba godoro zuri?"

"Godoro analo," nikamwambia. "La kufia analo. Mimi namtafutia la kuishi nalo."

Mtu mmoja tu hakunisema, mjukuu wangu wa kike anayeuza vifaa vya ujenzi Makambako. Nimemlea mimi, leseni ya udereva anayo, na anaendesha kuliko wajomba zake wote. Hilo nalisema mbele ya yeyote. Ndiye aliyeniambia kwamba pale Makambako kuna mfanyabiashara wa malori ana gari la namna ile. Alilileta kwa ajili ya kukodisha harusini, akina mama wa maharusi wakalikataa kwa sababu ya baridi, likabaki uani limefunikwa.

Tulimkuta dukani kwake, amevaa kanzu na juu yake sweta mbili.

"Shikamoo mama. Karibu chai kwanza."

"Marahaba. Chai nimeilima, naijua. Gari liko wapi?"

Akamtazama mjukuu wangu. "Ni la dada hapa?"

"La kwangu."

"Basi mama yangu, njoo mchana jua likiwaka, ulione vizuri."

"Nitakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi," nikamwambia. "Na nikute halijafunikwa."

Akacheka. "Bibi huyu ametumwa na polisi?" Mjukuu akamwambia, "Huyu? Polisi ndio wanaotumwa naye."

Kesho yake tukafika. Upepo wa Makambako hauna adabu, unaingia mpaka kwenye meno. Turubai limefunguliwa, siti zina umande, nikazifuta kwa kanga yangu. Nikavua viatu, nikavua na kofia. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, unafanya nini?" Nikamwambia mgonjwa hawezi kusema amesikia baridi, basi niisikie mimi kwa niaba yake, nijue inaingilia wapi.

Tukashika lami ya kuelekea Njombe. Mwenye gari alijikunja nyuma, kwenye viti vya ukubwa wa kiota, magoti yamegusa kidevu. Nilikuwa nalipima gari lile kama ninavyopima ng'ombe wa maziwa, sehemu baada ya sehemu. Miguuni hita ilifanya kazi, vidole vikaamka. Mapajani sawa. Kifuani kioo cha mbele kinakinga upepo. Ila upepo unaruka juu ya kioo, unazunguka, na kukurudia kwa nyuma. Unashika kisogo na masikio kama mtu anayekuadhibu. Nikasema moyoni: blanketi mbili, kofia ya sufu, skafu ya kuzungusha mara tatu. Kwenye matuta gari lilikwaruza tumbo. Mjukuu akapunguza mwendo, akayapanda kwa pembeni, likapita.

"Unalionaje, mama?" mwenye gari akapiga kelele kutoka nyuma.

"Wewe unaonaje huko?"

"Sina masikio tena."

Tuliporudi nikabonyeza kitufe. Turubai likainuka polepole, likajifunga. Nikaomba ndoo ya maji nikamwaga juu yake, nikaingia ndani kuangalia. Lilivuja tone moja, upande wa dereva. Taa, breki, gia ya kurudi nyuma, vyote mjukuu alivijaribu. Mwenye gari akasema tangu aanze biashara hajaona mtu wa kununua gari namna hii. Niliondoka pale nimevimba kichwa. Kila kitu cha gari lile nilikijaribu. Mume wangu sikumwuliza.

Siku ya kumpandisha ndipo nilipoona gari lilivyo chini. Siti iko karibu na ardhi, na mguu wake wa kulia haukunjiki. Tulijaribu mlangoni mara tatu, tukamwumiza. Mjukuu akasema tufungue turubai, tumwingize kwa juu. Nikaita akina mama wanne wa kwaya yetu, tukamweka kwenye blanketi, tukashika pembe, tukamnyanyua na kumpitisha juu ya mlango.

"Bwana harusi huyo anapanda," mmoja wao akasema, na wengine wakacheka, nami nikacheka. Mzee alikuwa anatazama mbinguni. Nilimfunga skafu, nikamvika kofia, nikamfunika blanketi mpaka kifuani. Mimi nikajibana nyuma kwenye kiota. Mjukuu akawasha.

Nilichagua barabara yake mwenyewe, ya Lupembe. Ukungu ulikuwa umeshuka, na manyunyu ya kuchoma uso. Mjukuu aliendesha taratibu, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Mimi nimeinama mbele, mkono wangu uko ndani ya skafu yake, nasikiliza shingo kama ina joto. Ilikuwa na joto. Nikamsemesha njia nzima. Hapa ulikwama siku ile ya mvua. Hapa ulimgonga mbuzi wa mchungaji. Nilikuwa nangoja ile "aaa". Machozi yalimtoka, lakini kwa upepo ule hata mimi yalinitoka. Sikuweza kuyatenganisha.

Tukafika kwenye kibanda cha kupimia chai. Watu walikuwa wamejipanga na vikapu vyao, wanangoja lori. Nilijua watakuwepo, nimeipanga saa yenyewe. Nisidanganye: nilitaka wamwone. Miaka miwili watu wananiuliza "Mzee vipi?" kwa sauti ile ya kuulizia marehemu. Nilitaka waone kwamba yupo, amekaa katika gari ambalo wao hawajawahi kukaa.

"Simama hapa," nikamwambia mjukuu.

Wakaja wote. Mzee mmoja aliyekuwa mpakiaji wake akapaza sauti, "Kamwene, dereva!" hiyo salamu yetu ya Kibena, akaunyoosha mkono. Mkono wa kulia wa mume wangu ulikuwa umelala chini ya blanketi kama kuni. Yule mtu akabaki ameunyoosha, kisha akaurudisha akajifuta kwenye suruali. Wengine wanapapasa rangi, wengine wanapiga picha kwa simu. Mwanamke mmoja akasema, si kwa ubaya, "Jamani, ndiye huyu? Amekuwa hivi?" Baridi ilikuwa imemlegeza mdomo, mate yanashuka kwenye skafu.

Mkono wake wa kushoto ukatoka, ukashika blanketi, ukalivuta mpaka kufunika uso.

Nikalishusha. "Mzee, wanakusalimia."

Akalivuta tena. Nikalishusha tena, nikamfuta mate mbele za watu, nikacheka kicheko cha kuwaambia kwamba ni utani wetu. Mara ya tatu alilivuta akaliuma kwa meno. Nikalivuta, nikasikia meno yamekaza. Mtu asiyeweza kushika kijiko cha uji mdomoni, alikuwa ameliuma blanketi kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, ananizuia mimi.

Mjukuu akaweka gia bila kuambiwa.

Tukageuka kurudi nyumbani, yeye amefunikwa hivyo hivyo, kofia tu inachomoza. Kilomita chache mbele, mwanamke aliyekuwa na mzigo wa kuni kichwani akautua, akasimama pembeni ya barabara, mikono mbele. Kisha wanaume wawili wa baiskeli wakashuka, wakavua kofia. Kisha wengine.

"Bibi, mbona wanasimama?" mjukuu akaniuliza.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Mtu amefunikwa gubigubi kwenye gari linalokwenda taratibu, bibi kizee ameinama juu yake. Ungekuwa wewe ungesimama pia. Nilitaka kupiga kelele kwamba yu hai. Lakini ningewaonyesha nini? Ningemfunua tena?

"Nifunge juu?" mjukuu akasema.

"Funga."

Akasimamisha gari, turubai likapanda likatufunika. Vioo vikajaa mvuke. Ndani kukawa giza, na baridi yote tuliyoibeba tukaifungia humo pamoja nasi. Nikamwambia, "Mzee, hakuna anayekuona sasa, pumua." Hakufunua. Alifika nyumbani na blanketi mdomoni, na akina mama wa kwaya walipokuja kumtoa, hakuna aliyefanya utani.

Tangu siku ile hagongi ubao. Nguo zikilowa analala nazo mpaka nije. Akiwa na kiu sijui. Nesi aliyekuja kumpima alisema kifua ni safi, mapigo ni mazuri, baridi haikumdhuru. Ningefurahi kama ingekuwa baridi. Baridi ina dawa. Mimi nilimchukua mtu aliyekuwa amejificha kwa aibu yake, nikamfungua paa, nikampeleka kwa kila aliyemjua akiwa mzima. Ile sauti ya Njombe sijui ilikuwa inasema nini mpaka leo. Huenda ilikuwa inasema, nitoeni hapa barabarani.

Gari lilikaa uani kwetu wiki tatu, kuku wakapanda juu. Akaja mwanamke wa Makambako anayepamba harusi, akalizunguka, akaniuliza, "Bibi, kwa hii baridi yetu, mtu anakaaje humo?"

Nikamweleza kwa haki. Miguuni moto upo. Kifuani salama. Shingoni na masikioni ndipo panapouma, bibi harusi ajifunge vizuri, na msiende zaidi ya kilomita kumi bila kufunga juu. Matuta muyapande kwa pembeni.

"Wewe ulilikalia mwenyewe?"

"Nililikalia."

"Peke yako?"

"Na mjukuu."

Mjukuu alikuwa amesimama pale pale. Akatazama chini.

Gari lilipoondoka niliingia chumbani na bakuli la uji. Mzee alikuwa amelala ubavu, ameuelekea ukuta. Nikakaa kitandani. Nikamwambia, "Mzee, nimeliuza. Sitakupeleka tena popote usipotaka. Ulikuwa unaninyima uso wako mbele za watu na mimi nikaung'ang'ania. Nimekosa. Kama umesikia, gonga mara moja."

Nikausogeza mkono wake wa kushoto mpaka kwenye ubao, vidole vikagusa mbao. Nikangoja. Nje mjukuu alikuwa anafagia alama za matairi. Uji ukashika utando juu, nikautoa kwa kijiko, nikangoja tena. Ulipopoa kabisa nikainuka, nikauchukua mkono wake kutoka kwenye ubao, nikaurudisha ndani ya blanketi usipigwe na baridi.