Mashine Mpya, Gemu Moja

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoshuka kwenye treni pale Shinyanga nimekumbatia boksi la mashine ya gemu. Mpagazi aliomba kunisaidia, nikamfukuza asije akaligusa. Miaka ya themanini ilikuwa inaishia, televisheni mjini zilikuwa za kuhesabu, nami nilijiona mjanja kuliko wote. Ili kupata mashine ile na televisheni ya rangi niliuza ng'ombe alionitengea baba kwa mahari ya Limi, binti tuliyependana tangu ujana. Wazee wake niliwaomba wanivumilie mpaka pamba ivunwe.

Nilipanga chumba karibu na soko, watu waje walipe kucheza. Wiki ya kwanza watu walijaa hadi dirishani, wengine wametoka Mwadui. Ee, raha ile! Nikiifikiria natabasamu peke yangu. Lakini nilikuwa na kaseti moja tu ya gemu, ya kindege cha vita kinachopiga vindege vingine, na anacheza mtu mmoja. Bei yangu nayo ilikuwa juu, maana nilisema kitu kipya ni kitu kipya.

Ng'ambo ya barabara Mama Shija, muuza vitumbua, naye akafungua chumba. Televisheni yake haikuwa na rangi, mashine yake kuukuu ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Nilicheka mpaka machozi. Ila alikuwa na padi mbili za kushika wachezaji na kaseti nne, na bei yake kila mtu aliiweza. Wapakia pamba wakawa wanashindana na mafundi cherehani, kila upande na washangiliaji wake. Mwezi haujaisha, chumbani kwangu tukabaki mimi na televisheni.

Baba mdogo alikuwa manju wa ngoma, amezoea yale mashindano ambayo makundi mawili hucheza uwanja mmoja, watazamaji wakachagua pa kusimama. Alinikuta nafuta vumbi.

"Shikamoo, baba mdogo. Umeiona rangi yake?"

"Marahaba, baba. Nimeiona. Mimi nikipeleka ngoma mpya na wimbo wa mwaka jana, watu wanahamia kwa mwenzangu kabla sijatoa jasho. Wewe wimbo wako wa pili uko wapi? Na mtu akija na rafiki yake, huyo rafiki afanye nini? Uza hiyo televisheni ya rangi, ununue kaseti."

Nilimjibu kwamba mambo ya umeme hayajui. Mungu anisamehe.

Pamba ikavunwa, ng'ombe hawakurudi. Mchana mmoja nilimwona Limi mlangoni kwa Mama Shija, anashangilia hadi khanga inamdondoka. Alinitazama mara moja, akageukia mchezo. Kabla ya mvua akaolewa Songwa. Inaniuma hadi leo, na mama yako analijua hilo, sikumficha.

Sasa wewe unataka kuuza mashine mpya pale Katoro, na unanisifia kasi yake na picha zake. Sawa. Uliza kwanza ina gemu ngapi ambazo watu watazililia, na mpya zitatoka kwa nani. Uliza kama kijana wa kawaida anaimudu, na kama ndugu wawili wanaweza kuicheza pamoja wakitaniana. Yakikosekana hayo, achana nayo hata ing'ae vipi. Na akitokea anayekupenda akakukosoa, usimjibu kama nilivyojibu mimi.

Nenda, mwanangu, Mungu akubariki. Duka lako lijae kelele, na yule unayempenda asichoke kukungoja.