Siku Nilisema Nakula Mboga Tu

Muniache niseme yote mara moja, juu haya ya muntu ikikaa mu tumbo inaoza: ni miye ule mwanaume alishikwa ku bukwe na samaki mu mufuko ya koti, mbele ya baba mukwe, katikati ya maombi, na mwenye alinishitaki ni mbwa. Batu ya Kalemie banaelezea hii habari namna saba, na kila mara mbwa anazidi kuwa mukubwa. Basi leo musikie kwa mwenyewe.

Miye natengenezaka radio. (Masomo iliishia mwaka ya tatu ya sekondari, minerval, feza ya shule, ilikosekana, nikatoka mu darasa na kalamu ya mwalimu mu sikio, mupaka leo sijairudisha.) Naishi peke yangu, karibu na reli, mu nyumba yenye biti bine bya kukalia, na bitatu bimesahau uzito ya muntu. Kutwa nzima radio za batu zinaongea na miye nazijibu, zenyewe hazinisikie, lakini hata mu ndoa mingi iko vile.

Sasa kuacha nyama, ile haikuwa mupango. Mama jirani alihamia Nyunzu, akaniachia mbuzi, akasema, "Papa Kabwe, huyu utamukula ku Noeli." Nikamuita Sifa. Noeli ikafika, nikanoa kisu, nikamushika shingo, naye akanilamba mukono juu ya chumvi ya jasho, na njo pale nikakumbuka kama ni siku mingi hakuna kitu chenye pumzi kilinigusa. Nikaenda kuchuma lengalenga. Lengalenga inaota nyuma ya nyumba na haililie mama yake wakati unaikata. Kisha munganga akapima tansio ya damu yangu akaona imepanda, akasema niache nyama ya mafuta, nikule maharagi, karanga, majani. Na ku ziwa nilikuwa najionea: samaki ya mikebuka yenye tulikuwa tunabeba na mikono mibili tukiwa batoto, leo inaenea mu kiganja, na ndakala, dagaa yetu, zinavuliwa na neti za kulalia, zingali batoto kabisa. Nikajiambia, kama tumbo yangu moja inaweza kupumzisha ziwa hata kidogo, ipumzishe. Tansio ikashuka, nguvu ikarudi. Hiyo naisimamia mupaka leo, mucheke mupaka muchoke.

Na maharagi njo ilinipeleka kwa Mama Eliza. Ni mujane, anauza ku soko, anapima na kikopo, na kikopo kikijaa anaongeza kiganja kimoja cha matabisi, bule, juu ya urafiki. Miezi mitano nilienda kila siku (maharagi zilijaa mupaka chini ya kitanda, haikuwa njaa ilikuwa inanipeleka). Yeye alifikiri nyama inanishinda juu ya bukosefu, akawa anaongeza matabisi ya pili, na miye nikanyamaza, juu mwanaume utaanzia wapi kusema mbuzi alikulamba mukono? Siku moja akaniambia, macho yake mu kikopo, "Papa Kabwe, baba yangu anataka kukuona. Siku ya Mungu, ibada ikiisha." Nikarudi mu nyumba nikapangusa vumbi ku biti byote bine.

Lakini baba yake, Papa Mulongo, ni muvuvi tangu zamani, na kwake mugeni hatokake bila kula kitu cha ziwa. Woga ikanishika. Nikapigia Shemeki Pascal, kaka ya Eliza, telefone, nikasema na heshima yote, "Shemeki, umwambie mama asijisumbue. Miye nakula mboga tu."

Pale njo niliteleza. Radio za ng'ambo ya ziwa, za Kigoma, asubui mupaka mangaribi zinaniambia kula mboga, kula mboga, na ile mboga yao ni majani. Nikasahau kama hapa kwetu kila kitu kinasindikiza bugali ni mboga: sombe ya majani ya muhogo ni mboga, samaki ni mboga, hata mbuzi muzima ni mboga. Na muntu wa kula "mboga tu" ni ule anaachia benzake bugali anamaliza nyama peke yake, tabia yenye banapigiaka batoto.

Shemeki akauliza, "Mboga tu? Na bugali hapana?"

Miye nikafikiri ni unga njo inabasumbua. "Hata bugali ikikosa, haina neno."

Siku ya Mungu nikaazima koti ya mukubwa wa kwaya, nikaenda. Ku meza, kweli, bugali haikuwako. Kulikuwa mikebuka, kuku, na mbuzi, na kamba ya ule mbuzi ilikuwa ingali ku muti, inazunguka na upepo. Mama ya Eliza akaniambia polepole, "Baba, mboga njo hii. Tulisikia bugali hauipendi." Benyewe balikaa ku mukeka na bugali yao na muchuzi. Eliza alisimama ku mulango, kitenge kipya, ananiangalia sawa muntu anangojea matokeo ya ekzame.

"Kula, mukwe," Papa Mulongo akasema. "Huyu mbuzi amekufa juu yako."

Ningesema pale pale. Sikusema. Kila mara balipoangalia pembeni, kipande, ao samaki muzima, kikaenda mu mufuko, na vile sahani inapungua mama anafurahi, anaongeza, na vile anaongeza miye naweka, mupaka mifuko yote mibili ikajaa na mafuta ikaanza kunishuka ku muguu. Papa Mulongo akasema tusimame tuombe. Tukafunga macho. Lakini mbwa ya ile nyumba hafungake macho. Nilisikia kitu kinanivuta mara moja, mara mbili, kisha koti ya kwaya ikapasuka, na mikebuka muzima ikaanguka mbele ya miguu ya baba mukwe. Amina haikusemwa.

"Anakula mboga tu," Papa Mulongo akasema, "na yenye inamushinda anabeba."

"Papa, uangalie na mufuko ingine," Shemeki akasema.

Sasa njo nikafungua kinywa, nikaelezea yote, Sifa, tansio, majani, ziwa, neti zenye tundu ndogo, na vile nataja neti macho yangu ikapanda ku ukuta nyuma yake, na neti zake zilikuwa pale, tundu hata kidole haipite. Mwenyewe akageuka akaziangalia. Akarudisha macho kwangu, hakukasirika, na ile njo ilinimaliza.

"Samaki zinapungua," akasema. "Hiyo najua kukupita. Lakini mbuzi nilikuwa naye mumoja."

Eliza akanisindikiza mupaka ku barabara. Nilifikiri atacheka, yeye anachekaka na bitu bidogo.

"Miezi mitano unakuja kwangu kila siku," akasema. "Neno moja ilikushinda? Miye nauza maharagi, Papa Kabwe. Muntu wa kula maharagi ningemukataa juu ya nini?" Akarudi kwao.

Kesho yake nikamufunga Sifa kamba nimupeleke kwa Papa Mulongo, mbuzi kwa mbuzi, njo haki. Nikafika nusu ya njia. Nikarudi naye. (Andikeni ile pia, haya yangu haikosake nafasi.)

Mupaka leo maharagi nainunua kwa Eliza. Anajaza kikopo, anapitisha kiganja juu, anasawazisha, anasema, "Aksanti, Papa," sawa kwa muntu yeyote. Matabisi hakuna. Na miye nimejiapiza: "mboga tu" haitatoka tena mu hii kinywa. Muntu akiniuliza nakula nini nitataja jina kwa jina, maharagi, sombe, lengalenga, karanga, na nitataja mapema, mbele mbuzi ya muntu haijakufa.

Biti bibili nimetoa inje, Sifa anapandaka juu. Bibili nimeacha ku meza, na vumbi napangusa ku byote bibili.