Mpichi wa Mwisho wa Kalunde

Kalunde wa Kathiani alikuwa na mipichi kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyeimaliza.

Ilipandwa na bwanake, Wathome, mwaka ule walipooana. Mapichi yake yalikuwa matamu mpaka nyuki wakang'oka meno. Cheka tu, lakini meno hayo niliyaokota mimi mwenyewe. Wathome alipokufa, Kalunde akaanza kuongea na miti. Asubuhi anaisalimia mmoja mmoja, jioni anaisimulia udaku wa majirani. Mwanawe Musembi alipomwita Nairobi, alikataa.

"Nikienda, babako atabaki na nani?"

Sasa, sisi wanawake wa huku tuko na mwethya. Leo tunafanya kazi kwa huyu, kesho kwa yule. Kiangazi chote mwethya unachimba matuta, kwa hivyo kupogoa miti kulingoja mvua. Siku moja tukiwa kwa Kalunde, manyunyu yanashuka, akasita na msumeno wa marehemu mkononi.

"Kamanthe, si tungoje jua? Wathome alikuwa anakata wakati wa jua."

Viatu vyangu vilikuwa vimejaa matope na nilitaka chai. Nikamwambia, "Mti ukikatwa kwa mvua hausikii uchungu. Nyanya yangu aliuuliza, ukamjibu."

Wanawake wakacheka. Kalunde akacheka, akakata. Kila mwaka ikawa hivyo. Matawi makavu tukayapanga pale pale chini ya miti, yawe kuni.

Baadaye tawi moja likanyauka na majani yake yote. Halafu lingine. Vidondani palipokatwa pakatoka utomvu wa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Mipichi kumi ikafa, mmoja baada ya mwingine, na Kalunde akaizika kwa macho tu.

Ulipobaki mmoja alimwita Winfred, msichana wa ofisi ya kilimo. Winfred akachonga gome kwa kisu. Ndani, mti ulikuwa na doa la kahawia limeingia kama kabari.

"Susu," akamwita Kalunde kama nyanya yake, "huu ni ukungu. Unakaa kwa hizi kuni zilizokauka. Mvua inaurusha, unaingia kwa kidonda kibichi. Nani aliwaambia mkate wakati wa mvua?"

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Ni desturi yetu tu," Kalunde akasema.

Winfred akasema tukate tukishuka mpaka tupate mti mweupe. Tukiupata, utachipuka. Tukashika msumeno, Kalunde huku, mimi kule. Usawa wa kifua, kahawia. Usawa wa goti, kahawia. Kalunde akapiga magoti, akaelekeza msumeno chini kabisa, karibu na udongo. Kahawia.

Tukachoma kila kitu, na kuni pia. Kalunde akakaa kando ya kisiki.

"Kamanthe, wewe husikia miti. Huu umesema nini ukianguka?"

Mimi niliyewahi kuuzia watu meno ya nyuki, nikatafuta neno moja, nikakosa.

"Sijasikia kitu, mwaitu, mama yangu."

"Siku ninayoutaka uongo wako," akasema polepole, "ndiyo umeninyima."

Wiki iliyofuata Musembi alikuja kumchukua. Hakukuwa na Wathome wa kubaki naye tena. Msumeno wa Wathome niliukuta mlangoni kwangu, umepakwa mafuta usishike kutu.