Maharagi ya Mama mbele ya Baba Mutakatifu

Ile video munatumiana mu telefone, ya kijana mweusi amepiga magoti katikati ya uwanja kule Roma, siku Baba Mutakatifu mupya alitokea, ile munaandika chini yake "ona imani ya Afrika", ni mimi. Na haya inanila mpaka leo, juu sikuwa ninasali hata kidogo. Nilikuwa ninaokota maharagi.

Mucheke kwanza, kisha munisikilize.

Wakati nilienda kusoma Roma, Mama alikuwa ku kambi ya Mweso, mukimbizi kama watu wote wa kwetu Karuba. Siku ya kukimbia vita hakubeba sufuria, hakubeba godoro, alibeba mbegu ya shamba yake, ile ya rangi mbili ambayo mama yake naye alipanda pale pale. Nyingi tulizikula mu njaa. Kidogo zilizobakia akanifungia mu kipande ya kitenge.

"Mutoto yangu," akasema, "unajua kwetu mbegu inabarikiwa mbele ya kupandwa. Kule unaenda kuko Baba Mutakatifu mwenyewe. Siku utamuona, uziinue, kisha unirudishie. Tukirudi Karuba, ndiyo hizo nitatia mu udongo."

Basi moshi mweupe ya Baba Mutakatifu mupya ikatoka, tukakimbia mpaka kifua inawaka, mimi na Deo (muntu wa Walikale, tunasoma pamoja, mudomo yake haina breki), na fundo ya Mama iko mu mufuko yangu. Ningeiacha mule mule, leo tungekuwa tunaongea mambo ingine, juu baraka inapita hata mu nguo, si ndiyo? Lakini mimi mujuaji! Nikakumbuka wamama wetu ku kanisa wanafunua vitunga yao mbele ya padri, hakuna anayeleta mbegu imefungwa, nikasema hapana, Mama asipate baraka nusu. Nikafungua.

"Kaka, wewe uko unafanya nini na maharagi hapa?" Deo akaniuliza.

"Nyamaza. Ni ya Mama."

Pazia ya balkoni ikafunguka, nikainua mikono yote mbili wazi, na watu wakaruka. Mama mumoja wa kizungu mwenye bendera akanigonga ku kiwiko, na maharagi ya Karuba, Yesu wangu, ikamwagika juu ya mawe ya Roma, katikati ya viatu ya dunia muzima. Nikashuka. Ningefanya nini? Ninasukuma miguu ya watu, ninalia, ninaita "Mama, Mama", na yule wa bendera kuniona vile akashika kifua, akapiga magoti naye. Kisha bwana yake. Kisha masista nyuma yetu. Watu wote waliotuzunguka wakashuka (na wakakalia zile sikuwa nimeokota bado!), na muntu wa televisheni akaleta kamera mpaka karibu na pua yangu. Baraka ikapita juu ya mugongo yangu, Baba Mutakatifu akaingia ndani, mimi hata kofia yake sikuiona.

Deo alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Kaka, kesho watakuchongea sanamu."

Video ilifika Mweso mbele sijafika ku chumba yangu. Siku ya Mungu padri wa pale akanihubiri mu misa, wamama wa shirika ya kanisa wakamupigia Mama vigelegele, naye akaniita ku telefone na sauti ya furaha ambayo sikuisikia tangu tukimbie.

"Nilikuona! Ulisali vizuri. Na mbegu?"

Nikamwambia yote. Zilizobakia hazijazi kiganja, zingine zilipasuliwa na viatu, na wakati wa baraka hakuna hata moja iliyoinuliwa. Nikangojea anitukane.

"Usilie," akasema. "Uzipike tu, ukule. Jirani alienda kuangalia kule Karuba. Shamba yetu kuko wengine wanalima. Walisha kuvuna. Ukizileta, nitazipanda wapi?"

Sikuzipika. Nilizifunga tena mu kitenge, na nikaapa sitafungua tena fundo ya Mama mbele ya watu, hata malaika ashuke. Na munihurumie, musinitumie ile video. Mukiiangalia vizuri, pale mwishoni watu wanaposimama, karibu na kiatu ya yule mama wa bendera, kuko maharagi moja nilisahau.